Kazi ya Kuteka Joto



Mwezi uliopita tulikaa na kikundi kimoja cha ng'ombe wa maziwa kule Kinangop. Mkutano ulipofika kwenye mengineyo, mama mweka hazina alisimama akarekebisha leso yake. "Binti yangu amemaliza uhandisi chuo kikuu," akasema. "Sasa ananiambia anataka kazi ya baridi. Mimi nikamwambia, mama, baridi hapa Kinangop tunayo ya bure, mwezi wa saba mtu anaweza hata kuuza. Yeye anacheka tu. Nyinyi wa gazeti mnasoma mambo mengi. Hebu mtueleze hiyo ni kazi gani. Na kikundi kikimkopesha, je, hizo pesa zitarudi?"

Watu walicheka, nasi tukacheka, lakini jibu hatukuwa nalo. Tulirudi ofisini tukaanza kuuliza na kusoma. Haya ndiyo tuliyopata, na tunayaweka hapa kwa vikundi vyote, maanake si mama huyo peke yake mwenye mtoto aliyesomea jambo ambalo kijiji hakina jina lake.

MTUNGI WA MTU WA A.I.

Tuanze na kitu ambacho sote tumekiona. Kila mwenye ng'ombe wa gredi anamjua mtu wa A.I. (Hatusemi ile A.I. ya kompyuta inayotajwa redioni siku hizi. Tunasema ile ya kupandisha ng'ombe.) Anafika kwa pikipiki, mtungi wa alumini umefungwa nyuma. Akifungua kifuniko, moshi mweupe unatoka, na badala ya kupanda juu unamwagika chini kama maziwa. Watoto wanakimbia kutazama.

Ule si moshi. Ni unyevu wa hewa yetu uliogeuka ukungu kwa kukutana na baridi kali. Ndani ya mtungi mna naitrojeni, gesi ile ile ambayo ni karibu sehemu nne kwa tano ya hewa tunayovuta, ila imepozwa mpaka ikawa kama maji. Naitrojeni hiyo huchemka ikiwa na nyuzi 196 chini ya sifuri. Ndiyo maana mbegu ya fahali aliyekufa zamani bado inaweza kumpa mtu ndama leo.

Basi yule binti, kazi anayoitaka ni ya ukoo mmoja na mtungi huo. Ni uhandisi wa baridi kali, na mahali anapotamani kuufanyia ni kwenye utafiti wa fizikia, ambako baridi ya mtu wa A.I. ni kama jua la mchana.

BARIDI SI KITU

Jambo la kwanza ambalo mhandisi kijana wa kazi hii hufundishwa linashangaza kidogo: baridi haipo. Kilichopo ni joto, na baridi ni mahali ambapo joto limeondolewa. Huwezi kumwaga baridi ndani ya kitu. Unachoweza ni kuteka joto na kulitupa nje, kama mvuvi wa Naivasha anayeteka maji kwenye mtumbwi unaovuja. Ukipumzika kidogo, yanarudi. Na mtumbwi huu huvuja siku zote, kwa sababu dunia nzima inayouzunguka ina joto.

Tena kuna sakafu ambayo huwezi kuipita. Iko nyuzi 273 na nukta kidogo chini ya sifuri. Hapo hakuna joto la kuteka tena. Watu wameikaribia sana, lakini kuikanyaga hakuna aliyewahi.

Gesi inapozwaje? Ukijaza upepo gurudumu la baiskeli kwa haraka, pampu inapata moto mkononi. Gesi ikibanwa hupata joto, na ikiachiliwa ipanuke huku ikisukuma kitu, hupoa. Mashine za baridi zinatumia jambo hilo hilo. Zinabana gesi, zinaondoa lile joto kwa maji, kisha zinaiachilia ipanuke ikizungusha magurudumu madogo yanayokwenda kwa kasi ya ajabu. Gesi inatoka ikiwa baridi kuliko ilivyoingia, inarudishwa, inazunguka tena na tena.

Na ikishakuwa maji, itunzwe wapi? Jibu liko mezani kwenu. Mwaka 1892 mtaalamu wa Scotland, James Dewar, alitengeneza chupa yenye kuta mbili, akanyonya hewa yote katikati. Pasipo na hewa, joto hukosa njia ya kupita. Alitaka kutunza gesi alizozipoza. Baadaye wenye viwanda wa Ujerumani wakaona kwamba chupa ile inaweza kutunza hata vitu vya moto, na mwaka 1904 wakaipa jina la biashara: Thermos. Kwa hiyo kila mama anayemimina chai ya saa nne shambani anatumia kifaa cha wahandisi wa baridi kali, na ule mtungi wa mtu wa A.I. ni Thermos yenye gharama kubwa zaidi.

Gesi iliyokuwa ngumu kuliko zote kushindwa ni heliamu, hii ya kujaza maputo. Ilishindwa tarehe 10 Julai 1908, katika mji wa Leiden, Uholanzi, na Heike Kamerlingh Onnes. Ilikubali kuwa maji ilipofika nyuzi 269 chini ya sifuri. Miaka mitatu baadaye, 1911, huko huko Leiden, waliona jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: zebaki ikipozwa kiasi hicho, umeme hupita ndani yake bila kupingwa hata kidogo. Hakuna kinachopotea, wala waya haupati joto.

Hapo ndipo ajira ya yule binti ilipozaliwa.

HANDAKI LA KILOMITA 27

Uwanja mkubwa kuliko wote wa kazi hii uko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na mji wa Geneva, katika kituo cha utafiti kiitwacho CERN, kilichoanzishwa mwaka 1954. Chini ya mashamba na vijiji vya watu, kina cha kama mita 100, kuna handaki la mviringo lenye urefu wa karibu kilomita 27. Ni kama mtu atoke Naivasha akatembee karibu mpaka Gilgil, yuko chini ya ardhi tu.

Ndani ya handaki hilo, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho huzungushwa kwa kasi inayokaribia ya mwanga, kisha zinagonganishwa ili wataalamu waone vitu vyote vimeumbwa kwa nini. Chembe hizo hupenda kwenda moja kwa moja. Ili zipinde kona, zinahitaji sumaku zenye nguvu kupita kiasi. Ziko sumaku kubwa 1,232 za kupinda, kila moja ina urefu wa mita 15 na uzito wa kama tani 35, na umeme unaopita ndani yake unakaribia ampea 12,000. Pasi ya nguo nyumbani haifiki 10. Ungepitisha umeme huo kwenye nyaya nyembamba za kawaida, zingeyeyuka mara moja. Kwa hiyo nyaya za sumaku zile zimetengenezwa kwa niobi na titani, na zimezamishwa ndani ya heliamu yenye nyuzi 271 chini ya sifuri. Baridi hiyo inapita ile ya anga tupu kati ya nyota. Heliamu iliyomo ndani ya mashine yote ni kama tani 120.

Sasa fikirini mtumbwi huo unavuja kiasi gani. Wati moja tu ya joto ikipenya mpaka kwenye heliamu, mitambo ya juu hutumia wati zaidi ya 200 za umeme kuitoa. Ni kama mgeni mmoja wa kulala ambaye, ili aondoke, lazima mkodishe matatu kumi na tano. Ndiyo maana tunasema kazi ya binti huyu hasa si kutengeneza baridi. Mitambo inatengeneza. Kazi yake ni kutafuta joto linaingilia wapi.

SIKU ZA MWANZO KAZINI

Wengi hudhani mhandisi aliyeajiriwa mahali kama hapo anaanza siku ya kwanza kugundua siri za dunia. Hapana. Anaanza na mafunzo ya kubaki hai, na mafunzo hayo tutayarudia hapo chini kwa sababu yanatuhusu sisi pia. Baada ya hapo anapewa kazi ya kutafuta tundu.

Mkijua namna fundi wa baiskeli anavyotafuta pancha, mmeelewa nusu yake. Fundi anajaza tyubu upepo, anaizamisha kwenye karai, anatazama mapovu. Mhandisi wa baridi hawezi kuzamisha sumaku ya tani 35 kwenye karai. Ananyonya hewa yote ndani ya chombo kwa pampu, kisha kwa nje anapuliza heliamu kidogo kidogo kwenye kila kiungo kilichochomelewa. Chembe za heliamu ni ndogo mno, hupita mahali ambapo hewa haipiti. Mashine iliyounganishwa na ile pampu inasikiliza tu heliamu. Ikiingia hata kiasi ambacho kingechukua miaka mingi kujaza kikombe, mashine inalia. Kijana anaweka alama, fundi wa kuchomelea anarudia, na jaribio linaanza upya. Siku nzima. Kesho kiungo kingine.

Tena lipo tundu la hila zaidi, linalojificha wakati wa joto na kujionyesha wakati wa baridi. Maanake vyuma vikipoa husinyaa, na kila chuma kwa kiasi chake. Kila sumaku moja ya mita 15 husinyaa kama sentimita nne na nusu. Mashine nzima ingekuwa kipande kimoja, ingepungua mita 80 hivi na kukatika vipande. Kwa hiyo kati ya sumaku na sumaku wameweka mabomba ya mikunjo, kama kile kinanda cha kukunja cha kuchezea mwomboko. Mahali popote ambapo mhandisi alisahau kuacha nafasi ya kusinyaa, hapo ndipo kiungo kitafunguka, na kitafunguka wakati kila kitu kimeshafungwa na kupozwa. Kukitengeneza ni mpaka joto lirudishwe polepole, wiki kadhaa, kazi ifanyike, kisha kupoza wiki nyingine. Kupoza kwenyewe huanza na naitrojeni, ile ya mtu wa A.I., tani kama 10,000 kwa mashine yote, ndipo heliamu imalizie.

Kitu kingine kinachowatesa vijana ni kipimajoto. Tulifurahi sana kusoma jambo hili. Kipimajoto hakikwambii joto la kitu unachopima. Kinakwambia joto lake chenyewe. Kama hakikushikamana vizuri na chuma, au kama waya wake unaleta joto kutoka nje, kitasema uongo huku namba zikionekana safi kwenye skrini. Mhandisi mkongwe akiona namba nzuri sana huuliza kwanza nani alikifunga kile kipimajoto, na kwa gundi gani.

Baadaye kijana huingia zamu. Mashine hailali, kwa hiyo usiku na mchana lazima kuwe na watu wanaotazama kanieneo, joto, kiasi cha heliamu, mwendo wa kompresa. Usiku mwingi hakuna kinachotokea. Anakunywa kahawa na kuandika kwenye kitabu cha zamu. Wenye vikundi mtaelewa: ni kama kuandika daftari la maziwa kila asubuhi, kilo ngapi, ng'ombe gani, hata siku ambazo namba ni zile zile. Daftari halikusaidii mpaka siku moja ng'ombe anashuka maziwa nusu kilo bila sababu, nawe unarudi nyuma kutazama ilianza lini.

IJUMAA MOJA YA 2008

Hapa tulisimama kidogo katika kusoma kwetu, kwa sababu hadithi hii ingeweza kuwa ya kikundi chochote.

Tarehe 10 Septemba 2008 chembe zilizungushwa kwenye handaki lile kwa mara ya kwanza. Dunia nzima ilitangaziwa. Siku tisa baadaye, Ijumaa tarehe 19, walikuwa wanaongeza umeme katika sehemu moja ya mwisho iliyobaki kujaribiwa. Kulikuwa na kiungo kimoja cha waya kati ya sumaku na sumaku ambacho hakikuungwa vizuri. Kiungo kimoja katika maelfu. Mahali ambapo umeme ulipaswa kupita bila kupingwa, ulipingwa kidogo sana. Pakapata joto, waya ukaacha tabia yake ya ajabu ukawa waya wa kawaida, na umeme ule wote ukaruka kama radi, ukatoboa chombo cha heliamu.

Heliamu ikamwagika kwenye ile nafasi iliyonyonywa hewa, ikakutana na joto, ikapanuka. Lita moja ya heliamu ya maji huwa lita 700 na zaidi za gesi. Milango ya dharura ya kutolea kanieneo ilikuwepo, lakini haikutosha. Sumaku za tani 35 zilisukumwa kutoka mahali pake, nyingine ziking'oa nanga zake kwenye sakafu ya saruji. Masizi yakaingia ndani ya mabomba ambayo chembe hupita. Tani kama sita za heliamu zilipotea. Sumaku 53 zilitolewa kupelekwa juu. Mashine ilikaa kimya zaidi ya mwaka mmoja, mpaka tarehe 20 Novemba 2009.

Hakuna mtu aliyeumia, kwa sababu kanuni inasema wakati umeme unajaribiwa hakuna mtu kuwa handakini. Kanuni hiyo tunaisifu.

Lakini sikilizeni sehemu ya mwisho. Walipochunguza kumbukumbu baadaye, waligundua kwamba siku chache kabla ya ajali, vipimajoto vya mahali pale vilikuwa vimeonyesha joto limepanda. Lilipanda kidogo mno, sehemu ndogo ya nyuzi moja. Walipopiga hesabu, ilikuwa kama wati 10 zikiingia mahali ambapo hazikutakiwa, sawa na taa moja ndogo ya sola. Namba zilikuwa zimeandikwa. Ni kwamba wakati ule hakukuwa na utaratibu wa kuzisoma kwa jicho hilo. Baada ya hapo mashine zote za kuangalia viungo zilitengenezwa upya, milango ya dharura ikaongezwa, na kati ya 2013 na 2015 viungo zaidi ya 10,000 vilifunguliwa, vikakaguliwa na kuimarishwa kimoja kimoja. Mnajua ni nani hupewa kazi ya kukagua viungo 10,000? Si wazee peke yao.

Katikati ya hayo, tarehe 4 Julai 2012, walitangaza kuipata chembe ya Higgs waliyokuwa wakiitafuta miaka mingi. Magazeti yaliandika juu ya chembe. Juu ya viungo, machache sana.

MTUNGI NDANI YA GARI

Tulisema tutarudi kwenye mafunzo ya kubaki hai. Tafadhali someni sehemu hii kwa sauti kwenye mkutano, hasa vikundi vyenye mtungi wao wenyewe.

Wanaoshuka kwenye handaki lile hubeba kifaa cha kupima oksijeni na barakoa yenye oksijeni ya kujiokoa. Si kwa sababu heliamu au naitrojeni ni sumu. Hazina sumu. Shida ni kwamba zikipanuka zinasukuma hewa nzuri nje, na hazina harufu, hazina rangi. Mwili wetu haujui kulia kwamba oksijeni imepungua. Mtu hahisi kukabwa. Anahisi usingizi kidogo, au hahisi lolote, kisha anaanguka. Mwenzake anakimbia kumwokoa, naye anaanguka. Sote tumesikia jambo kama hili kwenye visima na mashimo ya choo: anaingia mmoja, wanatolewa watatu.

Sasa pigeni hesabu. Lita moja ya naitrojeni ya maji ikichemka yote hutoa kama lita 700 za gesi. Mtungi wa lita 3 ukipinduka ndani ya gari dogo lenye madirisha yamefungwa, ni lita 2,000 za gesi mahali penye nafasi ya kama lita 3,000. Kwenye pikipiki, upepo unawalinda. Kwenye gari lililofungwa au stoo isiyo na dirisha, hakuna wa kuwalinda. Basi mtungi usafirishwe nyuma ya pikapu ya wazi, na kama lazima uwe ndani ya gari, madirisha yafunguliwe na mtungi ufungwe usianguke. Usiwekwe chumba ambacho mtu analala. Kifuniko chake kimetengenezwa kilegee makusudi, ili gesi itoke. Mtu asikikaze kwa mpira wala kwa nailoni akidhani anazuia hasara, maana utapasuka.

Na watoto wasiguse. Tone likidondoka kwenye ngozi kavu mara nyingi huviringika likaenda zake, kama maji kwenye kikaango cha moto, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Likinaswa kwenye soksi, kandambili au kiganja kilichokunjwa, linaunguza kama moto. Wahandisi huvaa glavu pana zinazovuka haraka, na suruali huwekwa nje ya buti, haitumbukizwi ndani, ili kilichomwagika kisipate mahali pa kukaa.

NJIA YA BINTI

Tukirudi kwa swali la mama mweka hazina, tusimpake mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Nafasi za kazi hii ni chache, na mikataba ya vijana huwa ya miaka michache. Kenya si mwanachama wa CERN, na nafasi nyingi za kudumu huko hupewa kwanza raia wa nchi wanachama. Lakini kuna mpango wao wa wanafunzi wa miezi ya kiangazi unaopokea hata vijana wa nchi zisizo wanachama, na kuna shule ya Afrika ya fizikia iliyoanza mwaka 2010 na kuzunguka nchi mbalimbali za bara letu. Mwaka 2016 ilikuwa hapo jirani, Kigali. Kuomba nafasi kwa CERN hakulipiwi. Mtu yeyote akiwaambia tumeni pesa ili binti ashikiwe nafasi, huyo ni tapeli, mwonyesheni mlango.

Tena kazi ya baridi haiko Ulaya tu. Kule Karoo, Afrika Kusini, kuna darubini ya redio iitwayo MeerKAT, iliyozinduliwa mwaka 2018 ikiwa na masahani 64, na vipokezi vyake hupozwa kwa heliamu ili visikie sauti hafifu za nyota. Kenya ni mojawapo ya nchi za Afrika zilizoshirikishwa katika mradi mkubwa zaidi unaokua kutoka hapo. Mashine zile za hospitali za kupiga picha ndani ya mwili kwa sumaku, nyingi zina heliamu ndani, na zikiharibika hospitali hulia kwa sababu wanaojua kuzitengeneza ni wachache. Oksijeni ya hospitali ikiletwa kwa lori huja kama maji yenye nyuzi 183 chini ya sifuri. Wakati wa korona, 2020 na 2021, tulijifunza thamani yake kwa uchungu. Na huko Tanzania, bonde la Rukwa, mwaka 2016 wataalamu walitangaza kuwa wamekuta heliamu ardhini.

Tulimpigia binti mwenyewe simu. Tulimwuliza kwa nini hasa kazi hii. Akasema akiwa darasa la sita alikuwa akishika tochi mtu wa A.I. akifanya kazi usiku, na swali lake la kwanza halikuwa juu ya ng'ombe, lilikuwa kwa nini mtungi ule hauna jiko wala stima na bado unachemka. Yule bwana alimjibu, "Mama, hata mimi sijui, wewe soma utuambie." Sasa amepata mahali pa kujifunza kazi kwa miezi sita Nairobi, na kampuni inayofunga matangi ya oksijeni hospitalini. Malipo hakuna, nauli na chakula ni juu yake. Anasema akishajua kuchomelea viungo vya baridi na kupima vinavyovuja, atakuwa na kitu cha kuandika kwenye maombi ya ng'ambo, na asipokubaliwa bado atakuwa na kazi mkononi. Sisi tuliona maneno hayo yana akili.

Tulirudi Kinangop Jumanne iliyopita tukawasomea wanachama haya yote, na sehemu ya mtungi tuliisoma mara mbili. Mzee mmoja aliuliza kama mtungi wa kikundi unaweza kuendelea kukaa chumbani kwa mwenyekiti. Ukahamishiwa ghala la lishe, ambalo lina madirisha mawili. Kisha mkopo ukajadiliwa kama mkopo mwingine wowote: wadhamini wawili, riba ile ile, kurudisha kuanzia mwezi wa nane. Mama mweka hazina alitoka nje wakati wa kupiga kura, kwa sababu ni mtoto wake. Waliounga mkono walikuwa kumi na tisa, waliopinga wanne.